Asubuhi Niliyovaa Viatu

Siku yangu ya kwanza kazini Doha sikupewa mashine wala reki. Nilipewa ndoo, nikaambiwa niokote mawe. Ulikuwa uwanja wa mazoezi kule Al Rayyan, umetandikwa nyasi mpya zilizoletwa na malori zikiwa zimekunjwa kama mikeka. Sisi wageni ishirini tulipangwa mstari mmoja, twende kutoka goli hadi goli. Viatu nilivyopewa vilinibana. Nikavivua, nikavining'iniza shingoni, nikaendelea na mawe yangu. Karibu na kibendera cha kona nikasimama.

"Wewe, mbona umesimama?" akauliza Foromani. Alikuwa mtu wa Kerala, mfupi, mkali, kofia haimtoki kichwani.

"Hapa chini pana maji."

"Juu pakavu."

"Juu pakavu. Chini pana maji."

Wenzangu wakacheka. Mmoja akasema, "Mtu wa Tanga huyo, ameshaanza uganga." Foromani hakucheka. Akaleta koleo, akachimba shimo la kina cha kiganja, na maji yakaja yenyewe. Bomba lilikuwa limepasuka.

"Umejuaje?"

"Mguu umeniambia."

Tangu siku ile sikuokota jiwe tena.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, Muheza, na sioni haya kulisema. Nimewafundisha kazi vijana wenye stashahada za nyasi. Naam, nyasi nazo zina stashahada. Miaka kumi na minane nimetunza viwanja ambavyo wachezaji wa kila rangi wamekimbia juu yavyo, na hakuna kitabu kilichonipandisha cheo. Kazi yangu ilikuwa kwenye nyayo.

Kwa faida ya nyinyi mnaoanza, nieleze kidogo. Nchi ile ina nyasi mbili. Ya kiangazi ni ngumu, inatambaa, inapenda jua la kuua mtu. Baridi ikiingia inalala, inageuka rangi ya mchanga. Kwa hiyo mwezi wa kumi tunaikata mpaka karibu na ngozi, kisha tunamwaga juu yake mbegu za nyasi ya baridi, ile laini ya kijani wanayoijua watu wa Ulaya. Tunaita kupandia juu. Ukikosea siku za kupandia juu, Januari utakuwa na uwanja wenye mabaka kama mbwa mwenye ukurutu.

Halafu kuna kuupita uwanja. Kila asubuhi, kabla ya mashine kuingia, mkuu wa zamu anaupita wote na kutia sahihi kwamba unafaa kuchezewa. Kuna kipimo chake: bomba lenye uzito ndani, unauinua uzito, unauachia, namba inakwambia ardhi ni ngumu kiasi gani. Fomu ina sehemu tisa za kupima. Mimi nilipima hizo tisa kwa heshima ya fomu, kisha nikavua viatu na kuupita uwanja mzima peku, mstari kwa mstari. Kipimo kinajua pale kilipodondokea tu. Mguu unajua njia nzima. Wakubwa walinizoea. Walipokuja wageni walionyeshwa mimi kama anavyoonyeshwa farasi mzuri.

Baada ya Al Rayyan nilipelekwa Al Wakrah, ambako upepo wa bahari unaleta chumvi na nilijifunza kuosha udongo kama mtu anavyoosha mchele. Kisha nikarudishwa Al Rayyan kwenye kituo kikubwa, mkuu wa zamu, watu kumi na wawili chini yangu. Juu yangu alikuwa Mudir, yaani meneja, Mjordani mwenye suti safi. Hakuwahi kupaza sauti. Adabu yake ndiyo iliyotutisha. Akitaka kumwondoa mtu kazini, kwanza alimwagizia chai.

Sasa nawaeleza msimu mmoja wa ligi kuu ya Ufaransa, ambao mimi niliucheza wote bila kugusa mpira.

Ligi ile ina timu kumi na nane. Mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, na ya kumi na sita inapigania roho yake kwa mechi za mtoano. Januari ile, wakati wa mapumziko mafupi ya baridi, ilitujia timu moja ya huko kuweka kambi. Jina lake silitaji. Ilikuwa ya kumi na tano. Tegemeo lao lilikuwa mshambuliaji mmoja mwenye miguu kama nguzo za umeme. Sisi tulimwita Mrefu. Mama yake alikuwa Mngazija. Siku waliyofika alinisikia nikiongea na mwenzangu Odhiambo, akaja akicheka na salamu yake ya Kikomoro: "Jeje?" Nikamjibu, "Njema, mwanangu." Maneno yake mengine niliyakamata nusu, naye yangu nusu, tukaelewana vizuri tu.

Asubuhi ya mazoezi ya kwanza Mudir alituletea sare mpya na viatu vipya vyeusi. Akaniambia, "Rajabu, wageni watakuwa pembeni wanatazama. Tuonekane watu."

Nikawatazama wale Wafaransa, makoti yao, vikombe vyao vya kahawa. Nikaitazama miguu yangu, magaga yake, ukucha wa dole gumba uliokufa. Jamani, niliona haya. Mimi Rajabu, niliyejisifia nyayo hizi kwa miaka yote ile, niliona haya. Nikaupita uwanja na viatu. Nikadondosha kipimo sehemu zote tisa, namba zikaja nzuri. Nikatia sahihi.

Saa nne Mrefu alipokea mpira upande wa kushoto, akageuka, na mguu wake ukabaki nyuma. Hakuna aliyemgusa. Aliyekuwa karibu naye zaidi alikuwa hatua kumi. Nilisikia sauti yake kabla sijamwona akianguka.

Walipombeba, Mudir alinijia taratibu. "Uliupita uwanja?"

"Niliupita, Mudir."

"Wote?"

"Wote."

Alitikisa kichwa kukubali, akaenda.

Adhuhuri, timu ilipokuwa chakulani, nilikwenda pale peku. Hatua ya tatu nikapakuta. Juu palikuwa pakavu na kijani, chini laini kama uji. Odhiambo, Mkenya wa Kisumu, ndiye aliyekuwa fundi wetu wa mabomba. Tulifunua nyasi tukakuta valvu ya kinyunyizio inavuja. Akaifunga.

"Buda, hii valvu ni yangu," akasema. "Niliifunga mwenyewe wiki jana."

"Na sahihi ni yangu."

"Sasa utasema?"

Nilichukua koleo. Tulijaza mchanga, tukarudisha nyasi, tukaigongagonga kwa mkono mpaka mshono ukapotea. Najua kuficha mshono. Nilikuwa bingwa wa hilo pia.

Siku mbili baadaye Mrefu aliletwa pembeni ya uwanja, mguu umefungwa barafu, akaniita.

"Mzee, mguu wangu umeninyima," akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Daktari anasema nyuzi za kifundo zimevutika. Zitapona. Lakini kwa nini? Nilikuwa peke yangu. Sijaguswa. Uwanja ulikuwa mzuri?"

Hapo mlango ulikuwa wazi, wanangu. Ungehitaji neno moja.

"Uwanja wangu hauna shimo," nikamwambia.

"Basi ni mguu," akasema, akiutazama kama mtu anavyomtazama ndugu aliyemwibia.

Wafaransa wakaondoka. Mimi nikabaki na hofu, nayo ikahamia kwangu kama mpangaji. Mudir alizunguka viwanja kwa kigari cha umeme, na kila niliposikia mvumo wake jasho lilinitoka kwapani hata asubuhi ya baridi. Simu ikiita nilidhani ni Ufaransa. Niliota nyasi zinafunuka zenyewe mbele ya watu. Nilianza kuupita uwanja mara mbili, mara tatu, peku, mpaka vijana wakanong'ona kwamba mzee ana jambo.

Na nilianza kuifuata ligi ile. Odhiambo alinisomea msimamo kwenye simu yake tukisubiri basi la kampuni kutoka kambi yetu Al Wakrah.

"Wamepigwa tena."

"Wa ngapi?"

"Kumi na sita."

Wiki nyingine, "Kumi na saba, mzee." Alisema kama anayesoma joto la mgonjwa. Sikuwahi kufika Ufaransa, lakini nilijua mji mzima unateremka, na kamba nimeishika mimi.

Mwezi wa nne Mrefu akarudi kucheza. Nilimshukuru Mungu. Nikasema basi, limepita. Jumapili alasiri tukakaa bwaloni, televisheni ikaonyesha mechi yao, na Odhiambo kando yangu anatafuna karanga. Dakika za kwanza sikuona kitu. Kisha nikaona. Kila alipopokea mpira upande wa kushoto, alisimama. Badala ya kugeuka, alichungulia chini, akarudisha mpira nyuma. Mara moja, mara mbili, mara saba. Mashabiki wakaanza kumzomea.

"Huyo kwisha," Odhiambo akasema. "Anaogopa mguu wake mwenyewe."

Karanga nilizokuwa nazo mkononi zilidondoka. Mguu wake ulikuwa umepona. Alichokiogopa hakikuwa mguuni kwake, kilikuwa Al Rayyan chini ya kiraka changu cha nyasi, na duniani kote waliojua hilo walikuwa watu wawili, wamekaa benchi moja.

"Lazima aambiwe," nikasema.

"Na nani?"

"Na mimi."

"Wee mzee, wacha mchezo! Niko na watoto watatu shule. Ukiingia kwa Mudir, mimi na wewe tumemalizana."

"Sitalitaja jina lako."

"Na nani hufunga valvu hapa? Malaika?"

Siku tatu sikula vizuri. Nilimwogopa Mudir, nilimwogopa Odhiambo, niliogopa kurudi Muheza niulizwe nimefukuzwa kwa nini. Lakini kila nikifumba macho nilimwona yule kijana akichungulia chini. Jumatano asubuhi nikagonga mlango wa ofisi.

Nilimweleza Mudir yote: viatu, sahihi, ule ulaini, kiraka. Kuhusu valvu nilisema kila kilicho chini ya nyasi, mkuu wa zamu anatakiwa kukijua kabla ya mguu wa mchezaji. Kosa ni langu. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Kutoka uwanja ule mpaka ofisini kwangu ni mita mia mbili," akasema. "Umezitembea miezi mitatu."

"Ndiyo, Mudir."

"Kwa nini umefika leo?"

"Kijana anauogopa mguu wake. Mguu hauna kosa. Naomba aambiwe ulikuwa udongo."

Aligeuzageuza kalamu. Kisha akanyanyua simu ya mezani. Aliagiza chai, vikombe viwili.

Hapo nikajua.

Tulikunywa. Akaniambia nitamaliza mwezi wa sita, kwa amani, cheti changu cha kazi kitaandikwa vizuri. Kuhusu fundi wa mabomba hakuuliza, nami sikusema. Mbele yangu akampigia daktari wa timu ile. Waliongea Kiingereza cha haraka, nami nikalisikia jina langu mara mbili, moyo unanidunda kama pampu iliyoingia hewa.

Jumapili iliyofuata bwaloni nilikaa peke yangu. Odhiambo alikaa meza ya mbali, amenipa mgongo. Kipindi cha kwanza, Mrefu akapokea mpira kushoto. Akasimama. Nikasema, hawakumwambia. Kipindi cha pili ukaja tena mpira, upande uleule, na beki anamfuata. Safari hii hakuchungulia. Aliukita mguu ule chini kwa uzito wake wote na akageuka.

Watu wa bwaloni wanasema alifunga goli. Mimi sikuliona. Nilikuwa nimeinamisha uso, nalia, na nilipoinua kichwa Odhiambo alikuwa amesimama kando yangu na kiganja cha karanga. Akanimiminia mkononi, akaketi.

Timu ile haikupona. Mechi ya mwisho walitoka sare, wakamaliza wa kumi na saba, wakashuka. Nawaambia kwa sababu najua mlitaka waokoke, nami nilitaka. Kutoka Januari mpaka Aprili nilikaa kimya, na pointi za miezi ile hazikurudi. Jambo hilo linaniamsha mpaka leo, hapa Muheza, na hakuna sifa yangu hata moja inayolifunika. Na sifa ninazo, nyinyi mnajua.

Mnaniuliza kazi hii inataka nini. Jifunzeni kipimo, jifunzeni fomu, jifunzeni dawa za ukungu. Lakini kila mtu ana kitu kimoja anachokifanya kuliko wenzake, na kitu hicho mara nyingi kina sura mbaya, kina magaga. Siku wageni wanapotazama, ndiyo siku ya kukifanya.

Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga Mudir nikiwa tayari kwa uwanja wa ndege: shati jeupe, viatu vya safari vinang'aa. Akatoa simu yake. "Una ujumbe," akasema. "Umetoka kwa mchezaji wako." Akanitafsiria polepole: "Mwambie mzee nimeusamehe mguu wangu. Yeye bado. Mwambie asivae tena viatu."

Mudir akaitazama miguu yangu. Nami nikaitazama.

Nikatoka nje, nikaketi kwenye ngazi, nikavivua. Basi lilikuwa linanisubiri, dereva anapiga honi. Nikaingia uwanjani, goli hadi goli, mstari kwa mstari, jua limeshapanda na nyasi za kiangazi zimeamka. Pale kushoto nilisimama muda mrefu kuliko kwingine kote.

Ulikuwa mzima. Nikarudi ofisini, nikaomba fomu ya asubuhi, nikatia sahihi.