Mpangaji wa Ukutani

Kwenye ploti yetu ya kupanga mtaani Pipeline, ghorofa ya nne, kangaga liliota ukutani pale bomba linapovuja. Nililipenda sana. Siku moja keateka wetu, mzee mwenye funguo zote, akaja na kisu cha kukwangulia rangi.

"Hapa haishi mtu ambaye hayuko kwa kitabu cha wapangaji," akasema. Mgeni akilala siku tatu huandikwa. Hata mama yangu aliandikwa.

"Basi liandike, mzee."

"Jina?"

Sikulijua. Akanipa mpaka Jumamosi. Nikasoma kwenye simu huku nikigeuza majani moja moja. Makangaga mengi yana vidoa vya kahawia chini ya jani. Langu halikuwa na vidoa. Lilikuwa na mstari wa kahawia ukingoni, na ukingo wenyewe umekunjwa juu yake kama pindo la sketi. Mimi hushona yunifomu kiwandani, pindo nalijua. Basi lilikuwa la jenasi ya Pteris.

Jumamosi mzee akavaa miwani, akalikagua pindo, akaandika.

"Kazi?"

"Hana."

"Watoto?"

Nikautazama ule mstari wa kahawia pindoni, unga wa uzao wake wa maelfu, tayari kupeperuka. Sheria ya ploti ni watoto wanne tu.

"Bado," nikasema.

Mvua zilipoisha, vikangaga vilikuwa vimeota kwenye kuta zote mpaka getini. Mzee akabisha mlango wangu, kitabu mkononi.

"We msichana," akasema kwa huzuni, "mbona hukuniambia alikuja na mimba?"