Mwalimu Niliyebishana Naye

Nakumbuka siku moja ya baridi kali hapa Joburg, nimesimama mlangoni pa profesa mkuu wa idara yetu, mikono nimeikunja mbele kama nilivyofunzwa nyumbani Uvira, Kongo. Nilikuwa namaliza shahada ya biolojia na kuomba kuingia chuo cha udaktari wa tiba. Walitaka barua mbili za kunipendekeza kutoka kwa walimu wanaonifahamu. Moja nilishaipata. Ya pili isipofika kabla ya Ijumaa, ombi langu lingetupwa.

Aliyenituma kwa profesa ni baba, aliyekuwa mlinzi kule Midrand. "Enda kwa ule mkubwa wao," aliniambia. "Wakisikia jina yake tu, watakupokea." Kwetu barua ya namna hiyo ni mkono wa mkubwa, na cheo chake ndicho kinachokubeba. Usimcheke baba yangu, mwanangu. Wewe unayenijibu Kiingereza kila nikikusemesha Kiswahili, najua nawe umeshaanza kupanga walimu wako kwa vyeo.

Profesa alinikaribisha vizuri. Miaka miwili nilikaa mbele darasani kwake bila kuuliza swali hata moja, maana niliona kumwuliza mkubwa mbele za watu ni kumjaribu. Akanitazama, akasema kwa upole, "Alama zako ni nzuri, lakini leo ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti yako. Nikikuandikia, nitaandika alama tu, na hizo wanazo tayari. Ni mwalimu gani amewahi kukuona ukikosea?"

Swali hilo lilinichoma, kwa sababu jibu nilikuwa nalo na sikulitaka. Alikuwepo Dokta Pillay wa maabara, mama mfupi asiye na subira. Siku moja nilibishana naye mbele ya darasa zima kuhusu kipande cha nyama kwenye hadubini. Mimi nilishikilia kuwa ni tezi ya shingo, yeye akasema ni titi la mama anayenyonyesha. Nilikwenda kusoma, nikaona yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na kesho yake nikasema hivyo mbele ya wale wale. Tangu hapo nikawa namkwepa. Nikimwona ukumbini napita njia nyingine, nikiamini nimemvunjia heshima na hatanisamehe.

Sasa sikuwa na pengine pa kwenda. Nilimkuta anaosha vioo vyake vya hadubini, nikaanza kwa kuomba radhi. Aliniangalia kama mtu asiyeelewa lugha ninayosema.

"Heshima gani?" akauliza. "Siku ile wenzako wote walinyamaza, wewe ndiye uliyekuwa unatazama kweli. Halafu ukarudi kusema umekosea. Mbona umechelewa kuja? Kaa."

Nilikaa, na machozi yalinitoka, nakwambia ukweli. Barua aliituma kabla ya Ijumaa, ingawa mimi sijaiona mpaka leo. Ila siku ya usaili, swali la kwanza lilikuwa hili: "Tumesikia uliwahi kubishana na mwalimu wako. Ilikuwaje?" Nikawasimulia, wakacheka, nami nikacheka, na hofu yote ikaniisha. Leo natibu watoto, na kazi hii naipenda.

Kwa hiyo, mwanangu, usichague mwalimu kwa ukubwa wa jina. Chagua aliyekuona ukijaribu, ukakosea, ukarudi. Nenda ofisini kwake mapema, wakati huna shida yoyote, umwulize usichokielewa. Ukimwomba barua ukaona anasita, mshukuru uondoke, usimbembeleze. Na ile heshima tuliyokuja nayo kutoka nyumbani usiitupe, ni nzuri sana. Jua tu kwamba mwalimu anaheshimiwa pia kwa kuulizwa.

Mungu akupe walimu wenye macho, na wewe akupe ujasiri wa kuonekana.