Itoka la Mama Waithira

Mlangoni mwa chumba cha mama yangu, Waithira, hapa mtaani Huruma, kuna itoka ndani ya debe. Itoka ni ua ambalo sisi Wakikuyu hupanda mpakani mwa shamba, na ukiling'oa umejitakia laana.

Babu alipofungwa na Wazungu kwa kula kiapo cha kupigania ardhi, ndugu yake mwenyewe, homgadi, yaani askari mlinzi upande wa Wazungu, akaandikisha shamba lote kwa jina lake. Nyanya akang'oa itoka moja, akahamia nalo Burnt Forest, mbali na kwao, kwenye ardhi ya kabila jingine. Baada ya uhuru wakanunua shamba huko, akapanda itoka tena. Mwaka wa 2008, kwenye vurugu za baada ya uchaguzi, tukachomewa nyumba, tukakimbilia huku Huruma. Mama alirudi mara moja tu, akachimbua itoka kwenye majivu. Shamba tukaliuza kwa bei ya kutupa. Nani angelala pale tena?

Jana keateka, msimamizi wa ploti hii ya vyumba vya kupanga, alisema, "Mama, hiyo maua inafunga njia. Itoe."

"Niipeleke wapi?"

"Popote, bora si hapa."

Nilitaka kumtukana. Mama akanishika mkono. Aliinua debe, akazunguka nalo ploti nzima asipate pa kuliweka, kisha akarudi chumbani akalisukuma chini ya kitanda. Huko jua halifiki.