Paki Iliyoingia Kwenye Kofia ya Jaketi Langu

Sisi tuliokulia Brooklyn Center, huku Amerika, miaka ya tisini, baridi tuliijua. Si hii ya siku hizi, mtoto anatoka mlangoni anaingia kwenye gari lililokwishapashwa moto. Sisi tulingoja basi mpaka kope zinagandana, tumevaa majaketi ya mitumba yenye kofia za kutosha vichwa viwili. Langu lilikuwa la zambarau. Likumbukeni, maana ndilo lililoniponza.

Shule sikufika mbali, kwa hiyo mkiona nimekosea kuandika msinisumbue. Lakini walioninyima haki yangu nawakumbuka vizuri, na leo nawataja. Wa kwanza ni baba yangu mzazi, Mzee Zablon, mzee wa kanisa. Wa pili ni Anko Josphat, aliyekuwa akisoma chuo kikuu na kila Jumapili akija kwetu kula ugali utadhani ndilo somo lililomleta Amerika.

Josphat ndiye aliyetupeleka kuona hoki ya barafuni ya wanafunzi wa vyuo. Nilikuwa na miaka kumi. Kuingia tu, bendi ya tarumbeta ikalipuka, nikahisi meno yanacheza. Harufu ya bisi, soseji na soksi zilizolowa. Vijana wa chuo wako vifua wazi, wamejipaka rangi, na huko nje mate yanaganda kabla hayajafika chini! Hawakai. Wanaruka, wanapiga viti kwa miguu, na kipa wa wageni akifungwa wanamnyooshea vidole wote pamoja wakipiga kelele.

"Wanamwitaje?" Baba akauliza.

"Chungio, mzee. Kwa vile kila kitu kinapita."

"Na mamake yuko hapa anasikia?"

Baba alitazama mchezo kama alivyotazama wagonjwa wake kule nyumba ya wazee Golden Valley alikofanya kazi. Mchezaji akianguka, yeye anainuka nusu akamsaidie. Timu yoyote ikifunga anapiga makofi, eti wote wametoka jasho. Tukaanza kuangaliwa vibaya.

Sasa, hoki hiyo inachezwa na kidude cheusi cha mpira mgumu, kinaitwa paki. Ikiruka nje juu ya kioo kinachozunguka uwanja, ni ya aliyeipata, anaenda nayo kwake. Kila mtoto alilijua hilo. Darasani kwetu alikuwepo mmoja mwenye paki, na kwenye basi tulimwachia kiti cha dirishani kama mkuu wa wilaya. Mimi niliomba yangu kwa Mungu kila siku, baada ya kuwaombea wagonjwa.

Kipindi cha pili, ikaruka. Ikagonga ngazi, ikadunda, ikaingia pu! ndani ya kofia ya jaketi langu. Nikaitoa. Nzito, baridi, kama andazi lililosahauliwa kwenye friji. Uwanja ukanguruma. Kijana aliyejipaka rangi ya dhahabu akaninyanyua juu, na watu nisiowajua wakanishangilia mimi, ambaye darasani nilijulikana tu kama yule asiyejibu.

Kushushwa chini, Baba akanyoosha mkono.

"Ni ya nani hiyo?"

"Yangu, Baba."

"Uliinunua wapi?"

"Imeniangukia."

"Kwa hiyo pochi ya mtu ikikuangukia ni yako? Wale watoto watacheza na nini? Josphat, mwambie."

Josphat aliijua sheria. Aliijua kabisa! Akatazama viatu vyake. Mzee hasahihishwi mbele za watu, hasa mzee mwenye ugali wa Jumapili.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Arudishe."

Nikashuka ngazi nikilia, Baba nyuma yangu. Watu wakaanza kunizomea nisirudishe. "Unaona?" Baba akasema. "Wamekasirika kwa vile unachelewa." Nikamwonyesha wachezaji, washaendelea na paki nyingine. "Hiyo wameazima," akasema.

Mzungu mmoja mzee, wa kuonyesha watu viti, akakataa kuipokea. Baba akamsukumia. Akakataa. Baba akamsukumia kwa mikono miwili, kama watu wanaogombania kulipa chai. Mwishowe akaichukua, akampa msichana mwenye kofia ya manjano. Huyo ndiye mhalifu wa tatu, jina lake silijui. Alinitolea ulimi.

Halafu Baba akakigeuza kisa hicho kuwa ushuhuda. Kila mwaka anasimama kanisani: "Uwanja mzima ulisimama kwa ajili ya uaminifu wa binti yangu!" Amina! Nimeimeza Amina hiyo kama dawa ya minyoo.

Mwaka jana aliutoa tena, mbele ya vijana, ameegemea fimbo. Vijana wa siku hizi nao mnawajua, wanaenda uwanjani wakatazame mchezo kwenye simu. Mmoja akainua macho, akasema kwa Kiingereza kwamba paki ikitoka nje huwa ni ya aliyeipata.

Baba akanigeukia.

"Ni kweli, mama?"

Josphat, sasa mwenye kipara na shahada mbili, akatazama viatu vyake.

Jibu nilikuwa nalo tangu nina miaka kumi. Nimelinoa, nimelipaka mafuta. Nikauona ule mkono unavyotetemeka juu ya fimbo.

"Ni siku hizi tu ndio wanabeba, Baba," nikasema. "Enzi zetu tulikuwa tunarudisha."

"Amina!" kanisa likaitikia. Na aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, alikuwa Josphat.