Baba Alikuwa Ananiita

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nikiwa bado mgeni katika nyumba ya bibi yako, mama wa baba yako, pale mjini Gongoni. Nilitoka kijijini Nzega na Kinyamwezi changu. Kiswahili nilijua cha salamu na cha sokoni tu. Bibi yako, Mungu amrehemu, alinipenda. Ila kila aliponisemesha alipandisha sauti na kukatakata maneno: "Wewe. Maji. Leta."

Siku hiyo nilikuwa kisimani. Mtu wa kwetu aliyekuja mjini kuuza mpunga akapita nyumbani, akamwachia bibi yako ujumbe: baba yangu yuko taabani, ananiita, ana neno anataka kuniambia mwenyewe. Niliporudi, bibi yako akanishika bega. "Baba. Mgonjwa. Kidogo. Usilie."

"Ndiyo, mama," nikajibu. Nilikuwa naitikia ndiyo kwa kila kitu, nisionekane mjinga. Nikatua maji, nikaenda kutwanga.

Baba yako alikuwa safarini na lori la mizigo. Aliporudi siku kadhaa baadaye, mama yake akamweleza habari yote, naye akanieleza polepole. Tukaondoka alfajiri. Tulipofika tukakuta wanawake wameketi mikekani, msiba umekwisha kuingia. Shangazi akaniuliza, "Tulikuita. Ulikuwa wapi?" Neno lile baba hakumwachia mtu. Mpaka leo, nikiwa peke yangu jikoni, hujaribu kulibahatisha.

Bibi yako alilia kuliko mimi. "Niliona nikisema machache utaelewa upesi," aliniambia. "Kumbe nimekukatia hata neno lililokuwa lako." Sikumlaumu. Tangu hapo alinieleza kila jambo likiwa zima, taratibu, kisha akaniomba nirudie nilichosikia.

Ndiyo maana jana sikufurahi mliporudi kutoka kliniki. Mimi ulinisimulia yote aliyosema daktari kuhusu mimba. Mkeo, kwa kuwa amekulia kwa Kirundi huko kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, ukamwambia, "Mtoto mzuri. Wewe pumzika." Akaitikia ndiyo. Ndiyo ile naijua, mwanangu.

Usimpunguzie habari, punguza mwendo wa ulimi. Kaa naye, mtazame usoni, mwambie yote. Usimuulize kama ameelewa. Muulize ameelewa nini, na umsubiri atafute maneno yake. Kiswahili kikikwama, mpigie dada yake simu amfafanulie.

Nenda sasa, kabla hajalala. Mungu akupe subira ya kusema na ya kusikiliza, na mkeo asikae nyumbani mwako kama mpita njia.