Bawa Nililolitoa Ubaoni Mapema

Siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, mwanangu, ni ile niliyosimama kando ya uwanja wa mpira wa Kibondo nikitazama ndege ndogo ikilalia upande wa kushoto, na katika watu wote waliokuwapo mimi peke yangu ndiye niliyejua sababu.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, fundi cherehani kwenye baraza ya duka la baba yangu mjini Kasulu. Nilikuwa hodari na nilijijua kuwa hodari. Mpaka leo sioni haya kulisema, wala tatizo langu halikuwa hapo.

Mwalimu Sanga alikuwa mtu wa Njombe, ameletwa kwetu kufundisha ufundi. Aliposoma ng'ambo alijifunza kuunda ndege ndogo za kuongozwa kwa redio, akarudi na injini moja inayoenea kiganjani, na kisanduku chenye antena ndefu na vijiti viwili vya kuongozea. Mengine aliyatafuta hapahapa. Mianzi na mbao nyepesi alichongewa na Mzee Gwasa, mfuga nyuki wa Murungu aliyekuwa akija Kasulu na asali yake. Kitambaa cha hariri alikifuata dukani kwa baba, na hapo ndipo nilipoingia mimi.

Ndege yenyewe ilikuwa ya mtindo wa zamani sana, ya mabawa mawili, moja juu ya lingine, yameshikanishwa kwa vijiti na nyuzi. Nilipoinyoosha mikono yangu huku na huku, ndio ulikuwa upana wake. Kazi yangu ilikuwa kuyavisha mabawa. Unagundisha hariri juu ya mifupa ya mianzi, kisha unapaka vanishi inayokikaza kitambaa mpaka kinalia ukikipiga kwa kidole. Lakini vanishi ikikauka inavuta. Kwa hiyo bawa linabanwa kwenye ubao ulionyooka mpaka kesho yake, la sivyo linajikunja. Mwalimu alinieleza hayo mara mbili, nami nikamjibu kwamba nimesikia tangu mara ya kwanza.

Tulikuwa tumealikwa kuirusha Kibondo mbele ya wakubwa wa mkoa. Mwalimu alikuwa na barua ya ruhusa mfukoni, maana sisi tuko karibu na mpaka, na kitu chenye antena hakikosi kuulizwa. Wakubwa wakiridhika, shule ingepewa jengo lililokuwa tupu liwe karakana ya vijana. Hilo ndilo alilokuwa akilihangaikia mwaka mzima.

Siku moja kabla ya safari, bawa la chini lilikuwa limebanwa kwenye meza yangu ya kukatia. Na mimi nilikuwa na gauni langu la harusi ya binamu ambalo bado sijalikata. Nilihitaji meza. Nikaligusa bawa, nikaliona kavu, nikalibandua mchana uleule na kuliegemeza ukutani. Jioni nilipoliinua na kulitazama kwa jicho moja kutoka nchani, nikaona ukingo wa nyuma, upande wa kushoto, umenyanyuka kidogo. Kidogo tu, unene wa kidole. Nikajaribu kuukandamiza kwa mikono. Ukarudi palepale.

Asubuhi mwalimu akaja na sanduku la kulipakia. Akaniuliza, "Limekauka vizuri, Zuhura?"

"Limekauka, mwalimu."

Sikusema uongo, unaona. Lilikuwa limekauka. Nilimjibu lile aliloliuliza, na nikamficha lile alilohitaji kulijua. Aliniamini, akalifunga sandukuni bila kulikagua.

Kibondo watu walijaa. Injini ikalia kama nyuki elfu, moshi wenye harufu ya mafuta ya nyonyo ukatanda, ndege ikakimbia kwenye nyasi na kupaa. Watu wakapiga makofi. Kisha ikaanza kulalia kushoto. Mwalimu akasukuma kijiti kulia, ikanyooka kidogo, ikalala tena, safari hii ikiwaelekea watoto waliokaa chini karibu na goli. Nilimwona mwalimu akitoka jasho. Aliivuta ikawapita watoto juu kidogo ya vichwa, akaipeleka kwenye shamba la maharage la mama mmoja nyuma ya uwanja, ikaanguka humo.

Watu walicheka. Mkubwa mmoja akasema kwa upole, "Mwalimu, labda hivi vitu si vya kwetu bado." Mwalimu hakubisha. Alimwomba radhi mwenye maharage, akakusanya vipande, akaniambia, "Mikono yangu imesahau, Zuhura. Nimekaa miaka mingi bila kurusha. Nusura niue watoto wa watu kwa sababu ya sifa." Akasema redio ile ataifungia kabatini.

Nami nikanyamaza.

Mzee Gwasa alikuwa ametembea kutoka Murungu kuja kutazama. Alichuchumaa kwenye vipande, akachukua bawa la chini, ambalo upande wake wa kushoto haukuwa umevunjika. Akalielekeza usoni, akafumba jicho moja kama mtu anayekagua mshale. Kisha akaniita pembeni. Aliniita mukobwa, yaani binti kwa Kiha chetu.

"Mukobwa, bawa hili limepinda bila kuvunjika. Hariri ndiyo iliyolivuta. Ardhi haivuti hivi."

Nikatazama chini.

"Uliona?"

"Niliona, mzee."

"Yule bwana anailaumu mikono yake. Wewe umesimama hapo na dawa yake mdomoni, na unaimeza. Mimi sitamwambia. Si kazi yangu. Lakini nikija Kasulu na asali nikakuta bado hajui, kwenye baraza yako sitakaa tena."

Hakupandisha sauti. Angenifokea ningepata la kujitetea.

Nilimwambia mwalimu palepale, kabla lori la kuturudisha Kasulu halijaja. Nilimwambia yote, na gauni pia. Akasema, "Wale watoto, Zuhura." Nililia, naye hakunibembeleza. Halafu nikaona anavikunjua vidole vyake, anaitazama mikono yake. "Kumbe mikono ni mizima," akasema.

Alinishika mkono, sijui kwa hasira au kwa shukrani, tukarudi kwa yule mkubwa. Nikasema mbele yake kwamba kosa lilikuwa la fundi, na fundi ni mimi. Mkubwa alinitazama, akasema tulete nyingine mvua zikiisha.

Tuliileta. Mabawa yake yalikaa ubaoni siku tatu, na hakuna aliyenikumbusha. Ilizunguka juu ya Kibondo mpaka mafuta yakaisha, ikatua kwenye nyasi mbele ya miguu yetu. Karakana ilifunguliwa, na wa kwanza kufundishwa kurusha nilikuwa mimi. Nilirusha vizuri. Kuliko mwalimu, ukitaka kujua.

Sikwambii haya ili uwe mwoga wa kazi, mwanangu. Jiamini. Fanya kazi kubwa, na ukijua unaweza, sema unaweza. Ila ukiona kasoro katika kazi yako, itaje ingali mezani, hata kama hujaulizwa, hata kama aliyekuuliza ameuliza jambo lingine. Na ukichelewa ukaona mtu mwingine anabeba lawama yako, usimwachie mpaka kesho. Mtu hodari anaweza kusema amekosea na bado akabaki hodari; mimi nimesema, na sikupungukiwa kitu.

Mungu akubarikie mikono yako, aliyeitegemea asijute. Akujalie wa kukurudi kwa sauti ya chini, nawe ukawe mwepesi wa kumsikia. Amina.