Tano-Tisa za Moyoni

Shangazi yangu hutengeneza cherehani. Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya duka la vifaa vya shule, na kina meza mbili. Ya kwanza imejaa vichwa vya cherehani vilivyofunguliwa, vikopo vya sindano na chupa ya mafuta yenye mdomo mrefu. Ya pili ina redio, kipaza sauti na daftari lenye jalada jeusi. Wateja huulizia hiyo ya pili. Yeye hujibu, "Hiyo ni ya kunipandisha presha," kisha huendelea kukaza skrubu.

Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa mratibu wa watu wa kujitolea katika chama cha taifa cha wanaredio wa ridhaa, yaani watu wanaorusha mawimbi kwa mapenzi yao wenyewe, bila mshahara wala matangazo. Wanachama humwita Mama Masafa. Kila Jumapili saa nne asubuhi yeye ndiye anayeongoza mkutano wa hewani: huita kituo kimoja baada ya kingine, hupokea salamu, na huandika katika daftari jinsi wanavyosikilizana. Vipimo ni viwili. Tarakimu ya kwanza, kuanzia moja hadi tano, hueleza kama maneno yanaeleweka. Ya pili, kuanzia moja hadi tisa, hueleza nguvu ya mawimbi. Anayesikika vizuri kupita kiasi hupewa tano-tisa.

Mimi nilisomea umeme katika chuo cha ufundi, na tangu nihitimu nimekuwa nikimsaidia upande wa nyaya. Naandika habari zake kwa sababu taarifa ya mwaka ya chama ilimtaja kwa mstari mmoja tu, na katika mstari huo walimweka kwenye kamati ya viburudisho.

Yaliyotokea ni haya. Mwaka jana mtambo wa kilimani ulianza kuugua. Kazi ya mtambo huo ni kupokea sauti dhaifu kutoka mbali na kuirusha upya kwa nguvu, ili mtu wa bondeni aweze kuzungumza na mtu wa mjini. Mvua zikianza, simu za bondeni huwa kama mawe, na muuguzi wa zahanati ya huko, ambaye ni mwanachama wetu, hubakiwa na redio peke yake ya kuombea gari la wagonjwa. Shangazi alipanda kilima, akafungua kiungo cha kebo, na maji yakamtiririkia mkononi. Kebo nzima ya mnara ilipaswa kubadilishwa. Kebo mpya tulikuwa nayo. Ilikuwa imezungushwa chini ya meza ya kwanza, nasi tulikuwa tukiiruka kila siku. Kilichokosekana ni watu wanne na Jumamosi moja. Barabara ya kilimani hufungwa na matope tangu mvua ya kwanza, kwa miezi mitatu. Zilisalia Jumamosi tatu.

Alilipeleka suala hilo katika kikao cha viongozi, nami nikaambatana naye kuandika kumbukumbu. Ajenda ya kwanza ilikuwa maadhimisho ya miaka hamsini ya chama. Ajenda ya pili ilikuwa rangi ya utepe wa maadhimisho hayo. Ilipotimia saa ya pili ya mjadala wa utepe, Shangazi alinyoosha mkono kwa mara ya nne.

"Mama Masafa, vuta subira," alisema mwenyekiti. Ni mkaguzi wa shule mstaafu, mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. "Mambo yako tunayajua."

"Kama mnayajua, nipeni watu wanne."

"Watu wote wamepangiwa jukwaa na maonyesho. Wewe mwenyewe ndiye mratibu wao, au siyo?"

"Mratibu gani nisiyeratibu? Kila nikimpata mtu wa kupanda mnara, mnamtuma akapulize maputo!"

Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Aliomba daftari jeusi, akavaa miwani, na kuligeuza kurasa taratibu kama anayesahihisha mtihani.

"Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Jumapili iliyopita vituo kumi na tisa viliripoti. Tano-tisa, tano-tisa, tano-tisa..." Alisoma zote kumi na tisa. "Dada yangu, nimekagua shule miaka thelathini. Sijawahi kuona mgonjwa wa kupata alama kama hizi."

Shangazi alilichukua daftari lake. Alama hizo aliziandika yeye mwenyewe, kwa wino, Jumapili baada ya Jumapili, kama alivyoambiwa hewani.

Tulipofika chumba cha kazi alimpigia simu muuguzi wa bondeni, akaweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Wewe bibi, hebu niambie. Mwenyekiti akizungumza unamsikia?"

"Thubutu! Kama mtu anakaanga."

"Sasa mbona kila Jumapili unampa tano-tisa?"

"Yaani mimi niwe nani, nimpe mwenyekiti mbili-tatu? Mtu kakusalimia kwa heshima zake, we unampa alama za kufeli? Halafu wote waliotangulia wamesema tano-tisa, mimi nije kuonekana redio yangu ndiyo mbovu?"

"Na mimi nimeandika, kama mjinga."

"Hujaniuliza, dada. Umeniambia nitoe ripoti, nikatoa."

Shangazi alikata simu, akasimama katikati ya chumba na kuzimwaga hasira zote alizozizuia kikaoni. Aliwasema wanachama kwa adabu zao, viongozi kwa utepe wao, na kebo kwa kukaa kimya chini ya meza. Alisema angeandika barua ya kujiuzulu, na akaniamuru nitafute karatasi isiyo na mafuta. Haikupatikana. Basi akaketi kwenye kazi, kwa kuwa mteja alikuwa anasubiri. Aliingiza kitambaa chini ya sindano, akazungusha gurudumu, akakitoa na kuutazama mshono. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili.

"Cherehani siiulizi kama ni nzima," alisema polepole. "Naipa kitambaa."

Jumamosi ya kwanza ilipita watu wakijenga jukwaa. Kesho yake, saa nne kamili, mkutano wa hewani ulifunguliwa. Mwenyekiti alitoa tangazo lake: kikao cha maandalizi kitafanyika Alhamisi, saa kumi jioni, katika ukumbi wa maktaba, na kila mwanachama aje na kiti. Shangazi akaanza kuita vituo. Wa kwanza alikuwa seremala, mwanachama wa siku nyingi.

"Mwenyekiti, tano-tisa, safi kabisa. Ova," alisema, yaani amemaliza na anangoja jibu.

"Asante, seremala," alisema Shangazi, kisha akauliza mara tatu, kwa kelele: "Kikao ni siku gani? Ova."

"Siku... siku ilikatika, Mama Masafa. Ova."

"Saa je?"

"Saa nayo."

"Sasa hiyo tano-tisa umeitoa wapi?"

"Nimeitoa moyoni, dada."

Mtu mmoja alisahau kidole kwenye kitufe, na kicheko chake kikasikika nchi nzima. Shangazi hakucheka. Aliita kituo cha pili, cha tatu, cha nne. Kila mmoja alitoa tano-tisa. Kila mmoja aliulizwa siku, saa na ukumbi. Kufikia cha saba hakuna aliyethubutu tena kuitoa. Watano waliofuata walijitetea kwamba walikuwa na wageni. Hatimaye aliita zahanati ya bondeni.

"Mwenyekiti, shikamoo. Nisamehe sana. Nakupa mbili-tatu," alisema muuguzi, na sauti yake ilikuwa ikikatika vipande vipande, hata akalazimika kurudia kila neno. "Nimepata 'maktaba' na 'kiti' tu. Na mvua zikianza, nikiita gari, hivihivi ndivyo mtakavyonisikia mimi. Ova."

Shangazi aliandika: mbili-tatu. Kisha akangoja. Kwa desturi yetu hakuna anayeruhusiwa kuingilia kabla ya aliyeitwa kujibu, na aliyeitwa alikuwa mwenyekiti.

"Mama Masafa," alisema mwishowe. "Jumamosi hii chukua wanne. Uwachague mwenyewe." Akavuta pumzi. "Ila mwende na bango la maadhimisho. Mpige nalo picha huko juu."

Bango lenyewe lilikuwa la turubai, refu kuliko gari. Shangazi alilibeba begani hadi juu huku akihesabu kwa sauti vitu muhimu ambavyo tungeweza kubeba badala yake. Watu wanne aliowachagua, seremala akiwa mmoja wao, waliteremsha kebo iliyooza na kupandisha mpya. Mimi nilishika kiungo cha chini. Nilikuwa nimekisafisha na kukikausha, nikawa nakivisha gundi ya kuzuia maji, wingu lilipotufikia wiki nzima kabla ya siku iliyotabiriwa. Tone moja ndani ya kiungo kile lingeturudisha tulikotoka, na barabara ilikuwa inafungwa nyuma yetu.

"Bango!" alipiga kelele Shangazi. "Leteni hilo lidude!"

Walilitandaza juu yangu, kila mmoja akashika pembe. Chini ya maneno 'Miaka Hamsini ya Mafanikio' nilimaliza kazi yangu bila tone. Tulipoondoka tulilifunga kwa waya juu ya kiungo, maana gundi ilihitaji siku mbili za ukavu. Picha ilipigwa na dereva wa gari lililotuleta. Inaonyesha turubai iliyopinda na miguu minane yenye matope. Ndiyo iliyotumika katika taarifa ya mwaka.

Jumapili iliyofuata mvua ilikuwa ikipiga bati la chumba cha kazi. Shangazi aliita zahanati ya bondeni, akauliza siku, saa na ukumbi wa kikao kipya kilichotangazwa asubuhi hiyo, akapata vyote vitatu.

"Mwenyekiti nampa tano-saba," alisema muuguzi. "Wewe nakupa tano-sita, maana unapiga kelele. Ova."

Aliandika yote mawili kwa wino. Ndipo mwenyekiti akaomba nafasi, na kwa sauti iliyoeleweka kila neno akauliza bango litarudishwa lini, kwani jukwaa liko wazi na wageni wanakaribia.

Shangazi alifumba macho, akabonyeza kitufe.

"Bango liko kazini, Mwenyekiti. Litashuka barabara ikifunguliwa. Ova."